Ganzi Kwanza, Chuma Baadaye: Namna ya Kuondoa Pembe za Ndama na Kudhibiti Maumivu Yake

Anayefuga ng'ombe wa maziwa katika banda dogo, awe Rungwe, Arumeru, Kiambu au Nyandarua, hahitaji kuelezwa kwa nini pembe huondolewa. Ng'ombe wanaogombania hori moja huchomana mbavu na kupasuana viwele, na mkamuaji aliyechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe mwenye pembe hukamua huku jicho moja likiwa kwenye ndoo na jingine kwenye kichwa cha mnyama. (Wafugaji wa Ankole na Wamaasai, ambao kwao pembe ni uzuri wa ng'ombe na heshima ya mwenyewe, wana sababu zao za kuziacha, nao mwongozo huu hauwahusu.) Kinachohitaji kuelezwa ni namna ya kuifanya kazi yenyewe, kwa sababu katika vijiji vingi ndama bado huangushwa chini, mtu mmoja akamkalia shingoni na mwingine akamshika miguu, kisha chuma kilichoiva kwenye jiko la mkaa kikagandamizwa kichwani bila dawa ya aina yoyote. Hoja inayotolewa ni kwamba shughuli yote haizidi dakika moja na kwamba ndama atasahau.

Ndama hasahau, na dakika hiyo moja si sehemu kubwa ya maumivu anayoyapata. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya madaktari wa mifugo na maafisa mifugo wanaofanya kazi hii mashambani, na pia kwa mfugaji anayetaka kujua adai nini kwa mtu anayemlipa. Sindano zinazotajwa hapa ni kazi ya mtaalamu aliyesajiliwa. Mfugaji asijaribu kuzichoma mwenyewe kwa kuwa tu amesoma vipimo vyake.

Watafiti walichokiona

Katika miaka ya 1990, David Mellor, Kevin Stafford na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walikuwa wakichukua damu ya ndama waliokatwa pembe na kupima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi mnyama anapokuwa katika dhiki. Kwa ndama waliokatwa bila dawa, kotisoli ilipanda mara moja na kubaki juu kwa saa kadhaa. Kwa wale waliochomwa sindano ya ganzi, ilitulia vizuri wakati wa kukatwa, lakini ganzi ilipoisha ikapanda, kana kwamba mnyama alikuwa amekopeshwa utulivu na sasa anadaiwa. Ni pale tu watafiti walipoongeza dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, nao walitumia ketoprofeni, ndipo mpando ule wa baadaye ulipopungua kwa kiasi kikubwa.

Kazi nzima ya shambani imejengwa juu ya jambo hilo. Ganzi huzuia maumivu ya chuma, ilhali dawa ya maumivu hushughulikia yale yanayofuata, ambayo ni ya kidonda kilichoungua na uvimbe wake. Kwa hiyo hakuna kati yake inayoweza kushika nafasi ya mwenzake. Mtaalamu anayechoma ganzi peke yake, akamaliza kazi saa 4 asubuhi na kuondoka, humwachia mwenye ndama maumivu ambayo yeye mwenyewe hatayaona, kwa kuwa yataanza wakati pikipiki yake imeshafika kijiji cha tatu.

Utafiti mwingine ninaopenda kuwasimulia wafugaji ulifanyika katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2013. Ndama walifundishwa kutofautisha skrini nyekundu na nyeupe: wakiikaribia moja hupata maziwa, na wakiikaribia nyingine hunyimwa na kusubirishwa. Walipokwisha kulielewa somo, wakaonyeshwa rangi za katikati ambazo hazieleweki kama ni za maziwa au za kunyimwa. Baada ya kuchomwa pembe, ndama walizikaribia rangi hizo za mashaka mara chache zaidi kuliko walivyofanya kabla. Yaani mnyama mwenye maumivu alianza kutarajia mabaya pale alipokuwa akitarajia maziwa. Mfugaji aliyewahi kuumwa jino usiku kucha hulielewa jambo hili bila kuhitaji maelezo ya ziada.

Matokeo ya namna hiyo ndiyo yaliyozisukuma nchi kadhaa kutunga kanuni. New Zealand imelazimisha matumizi ya ganzi katika kuondoa pembe tangu Oktoba 2019, na Uingereza ilikuwa na sharti la ganzi katika kuchoma pembe za ndama muda mrefu kabla ya hapo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kwa maoni yangu hakuna mateso yasiyo ya lazima kuliko yale yanayoweza kuzuiwa kwa mililita chache za dawa inayopatikana katika maduka ya pembejeo za mifugo.

Kabla ya kuwasha jiko

Umri ni wa kwanza. Kichipukizi cha pembe cha ndama mchanga huelea ndani ya ngozi, na ukikisukuma kwa kidole utakihisi kikiteleza juu ya fuvu. Kufikia umri wa takriban miezi 2 huwa kimejishika kwenye mfupa, na baada ya hapo kazi hugeuka kuwa upasuaji wenye damu nyingi na kidonda kinachoweza kufunguka hadi kwenye uwazi uliomo ndani ya fuvu. Muda mzuri ni kati ya wiki ya 2 na ya 6. Ndama anayeharisha, anayekohoa au aliyelegea aachwe apone kwanza.

Pima uzito kwa utepe wa kuzungushia kifuani. Usiukadirie kwa macho, kwa sababu dawa zote zinazofuata hukokotolewa kwa kilo. Katika mifano yangu nitamchukua ndama wa kilo 40. Nyoa manyoya kuzunguka vichipukizi na kwenye mstari unaotoka kwenye jicho kuelekea kwenye pembe, kisha safisha ngozi kwa spiriti. Spiriti hiyo ikauke kabisa kabla chuma hakijasogezwa karibu, kwani kichwa kilicholowa spiriti kikiguswa na chuma cha moto huwaka. Naliandika hili kwa sababu si la kufikirika.

Sasa choma dawa ya maumivu, kabla hata ya ganzi. Ninayoitumia ni meloksikamu, kwa kipimo cha miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, chini ya ngozi ya shingo. Ndama wa kilo 40 atahitaji miligramu 20, ambazo ni mililita 1 ikiwa chupa imeandikwa miligramu 20 kwa mililita, au mililita 4 ikiwa imeandikwa miligramu 5 kwa mililita. Chupa za aina zote mbili zipo madukani, kwa hiyo soma lebo kila mara hata kama rangi ya boksi ni ileile uliyoizoea. Meloksikamu ikichomwa chini ya ngozi huchukua saa kadhaa kufika kileleni katika damu, na hiyo ndiyo sababu ya kuitanguliza: ganzi inapoanza kufifia, yenyewe iwe imeshapanda. Faida yake ya pili ni kwamba hukaa mwilini mwa ndama muda mrefu, hata mchomo mmoja unaweza kumfikisha siku ya pili. Katika utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, ndama waliopewa meloksikamu pamoja na ganzi walipigapiga masikio mara chache zaidi kuliko waliopewa ganzi peke yake, kwa muda wote wa saa 44 walizofuatiliwa. Usiichanganye na dawa nyingine ya jamii yake wala na steroidi, usimpe ndama aliyeishiwa maji mwilini, na uzingatie siku za kusubiri kabla ya kuchinja zilizoandikwa kwenye lebo.

Huulizwa kwa nini nisitumie diklofenaki, ambayo ni rahisi kupatikana. Jibu liko angani. Mwaka 2004 ilithibitishwa nchini Pakistani kwamba tumbusi waliokuwa wakifa kwa wingi Asia ya Kusini waliuawa na diklofenaki iliyobaki katika mizoga ya mifugo waliyoila, na miaka miwili baadaye India, Pakistani na Nepali zikachukua hatua za kuiondoa katika tiba ya mifugo. Meloksikamu ilijaribiwa kwa tumbusi na kuonekana kuwa salama kwao. Katika nchi ambazo mzoga wa ng'ombe bado hutupwa nje ya kijiji, sioni sababu ya kurudia kosa ambalo wengine wameshalilipia.

Kuchoma ganzi

Dawa ya ganzi ni lignokaini ya asilimia 2, ambayo wengine huiita lidokaini. Asilimia 2 maana yake ni miligramu 20 katika kila mililita. Mimi sivuki miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na kwa ndama wetu wa kilo 40 ukomo huo ni miligramu 200, yaani mililita 10 kwa pande zote mbili. Huanza na mililita 4 kila upande, nikabakiza 2 za kuongezea pale patakapohitajika.

Neva inayobeba hisia za pembe hutoka nyuma ya jicho na kupanda kuelekea kwenye pembe, ikifuata ukingo wa mfupa. Weka kidole kwenye kona ya nje ya jicho la ndama, kisha kitelezeshe polepole kuelekea kwenye kichipukizi cha pembe. Chini ya kidole utahisi ukingo mgumu wa mfupa, upande mmoja ukiwa bapa la paji la uso na upande mwingine ukizama kuelekea shavuni na sikioni. Katikati ya safari hiyo, chini kidogo tu ya ukingo, ndipo sindano inapoingia. Ukichoma juu ya ukingo, dawa itabaki kwenye paji la uso, ambako haina kazi; ukichoma chini sana, itaishia kwenye msuli. Kwa ndama mdogo sindano haihitaji kuzama zaidi ya sentimita 1 hivi. Vuta pistoni kwanza uone kama damu inaingia, kwa kuwa mshipa wa damu hupita jirani na neva hiyo. Ikiingia, rudisha sindano nyuma na ubadilishe mwelekeo kidogo. Isipoingia, sukuma nusu ya dawa hapo, kisha iliyobaki iachilie huku ukirudisha sindano nyuma na kuielekeza kidogo juu na kidogo chini, kwani neva haipiti mahali pamoja kwa kila ndama.

Halafu subiri. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na yangu iliwahi kuharibika. Nilipokuwa mgeni katika kazi, nilichoma ganzi kwa ndama wa mama mmoja wa nyanda za juu huku mwenye bodaboda akinipigia honi barabarani, nami nikachukua chuma kabla dakika 2 hazijatimia. Ndama alipiga kelele hadi majirani wakachungulia uani. Yule mama, kwa adabu zote, aliniuliza, "Daktari, hiyo dawa haijapita muda wake kweli?" Dawa ilikuwa nzima; mwenye haraka nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo nangoja dakika 10 kwa saa, na nikiwa na ndama kadhaa huwachoma ganzi wote kwanza, kisha nikamrudia wa kwanza, ambaye kwa wakati huo huwa tayari bila mtu yeyote kuhisi kwamba amecheleweshwa.

Dalili ya kwanza kwamba dawa imeshika ni kope ya juu, ambayo hulegea na kushuka nusu, upande mmoja wa uso ukaonekana wenye usingizi na mwingine macho makavu. Inapendeza kuiona, ila isikutoshe, maana neva inayoinua kope si ile inayobeba maumivu ya pembe. Chukua ncha ya sindano udungedunge ngozi kuzunguka kichipukizi chote: mbele, pembeni, na hasa nyuma. Ndama aliyeshikwa na ganzi hutulia, na asiyeshikwa hurusha kichwa au hukunja ngozi. Ikiwa anahisi sehemu ya nyuma peke yake, jambo linalotokea zaidi kwa ndama wakubwa ambao pembe zao hupata hisia pia kutoka kwenye neva za shingo, ongeza mililita 1 chini ya ngozi nyuma ya kichipukizi, subiri tena dakika 5, kisha udunge upya. Usichome chuma kwa matumaini.

Chuma

Chuma ambacho hakijaiva vizuri hudhuru kuliko kilichoiva, kwa sababu mshikaji hulazimika kukigandamiza muda mrefu, na joto hupata nafasi ya kupenya hadi kwenye fuvu. Kijaribu kwenye kipande cha ubao: kikiacha duara jeusi lililokamilika mara moja, kiko tayari. Kiweke juu ya kichipukizi, kikizunguke chote, ukizungushe kiganja taratibu kwa sekunde 10 hadi 15, uinue na kutazama. Kinachotafutwa ni duara lenye rangi ya shaba kuzunguka kichipukizi, ambalo huonyesha kwamba mishipa inayolisha pembe imekufa. Sehemu ikibaki nyeupe, rudia hapo tu, kwa muda mfupi. Baada ya hapo weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Ganzi ikiwa imeshika, ndama hukerwa na kushikwa na kushtushwa na moshi, lakini halii wala hapigi mateke, na mfugaji anayeona tofauti hiyo kwa mara ya kwanza hukaa kimya kidogo.

Dawa ya kumlaza ndama

Wapo wanaomchoma ndama zailazini ili alale, kisha wakachoma pembe wakiamini kwamba aliyelala haumii. Zailazini hulegeza misuli na kutuliza, na ina nguvu fulani ya kupunguza maumivu, lakini uchunguzi uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ndama waliolazwa kwa zailazini peke yake bado walipata maumivu ya kuchomwa. Itumike kurahisisha kumshika ndama mwenye nguvu, pamoja na ganzi, kamwe isishike nafasi ya ganzi.

Ng'ombe huihisi zailazini takriban mara 10 kuliko farasi, na ajali huzaliwa hapo. Kipimo cha miligramu 0.1 kwa kilo kwa ndama wetu ni miligramu 4, ambazo ni mililita 0.2 za dawa ya asilimia 2, ndani ya msuli. Chupa ya farasi ni ya asilimia 10, na mililita 0.2 hizo hizo zikitoka humo huwa miligramu 20, mara 5 ya zilizokusudiwa. Tumia bomba la mililita 1 lenye mistari inayosomeka. Ndama aliyelegea alazwe kifudifudi juu ya kifua, asilazwe ubavu, pua ikiwa chini kuliko shingo ili mate yatoke, awe kivulini, na tumbo lake litazamwe lisijae gesi. Asipewe maziwa mpaka awe amesimama imara na anameza vizuri.

Baada ya mtaalamu kuondoka

Ganzi hukaa kwa saa 1 hadi 2. Mfugaji amtazame ndama jioni ya siku hiyo na asubuhi ya pili: masikio yanayopigwapigwa bila nzi, kichwa kinachotikiswa, mguu wa nyuma unaoinuliwa kujikuna pembeni mwa kidonda, na kusimama pembeni wenzake wanapokuja kunyonya. Akiyaona hayo kwa wingi, apige simu, kwa kuwa dawa ya maumivu inaweza kurudiwa kwa ushauri wa daktari. Kidonda chenyewe huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani; uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikuta kwamba ngozi huchukua wastani wa wiki 9 hivi kufunga kabisa, na mahali hapo hubaki pakali kuguswa muda wote huo. Kwa hiyo kamba isizungushwe kwenye kidonda, gaga lisibanduliwe, na dawa ya kufukuza nzi ipulizwe pembeni mwa kidonda, hasa wakati wa mvua.

Mbuzi si ndama mdogo

Anayetaka kuyahamishia haya kwa wanambuzi azingatie tofauti tatu. Pembe ya mbuzi ina neva mbili, moja ikitoka nyuma ya jicho na nyingine kwenye kona ya ndani ya jicho, hivyo sindano ni nne kwa kichwa kimoja. Fuvu lake ni jembamba, na chuma kikikaa sekunde nyingi huunguza utando wa ubongo. Na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba sumu ya lignokaini iko karibu sana: mwanambuzi wa kilo 3 ana ukomo wa miligramu 15, yaani mililita 0.75 tu za asilimia 2. Njia iliyo salama ni kuzichanganya na mililita 2.25 za maji ya chumvi ya sindano, upate mililita 3 za asilimia 0.5, kisha kugawa 0.75 kila sehemu. Akianza kutetemeka au kukakamaa, dawa imezidi, au imeingia kwenye mshipa wa damu.

Mfugaji ambaye ng'ombe wake bado hajapandishwa ana njia ya kuepuka yote haya. Amuulize mhamilishaji kama ana mbegu ya dume lisilo na pembe kwa asili. Katika mifugo ya kizungu, kama vile Friesian, tabia ya kutokuwa na pembe ina nguvu ya kuifunika ile ya kuwa nazo: dume lililoirithi kwa wazazi wote wawili humpa ng'ombe huyo ndama asiye na pembe, na lililoirithi kwa mzazi mmoja huipitisha kwa karibu nusu ya ndama wake.